Tumbo la kufungua shule: tunayoyasema na yalivyo

Wiki ya kufungua shule Januari, stendi ya mabasi hujaa masanduku ya bati, ndoo, magodoro yaliyoviringishwa na mifagio ya chelewa. Mzazi anaisoma fomu ya kujiunga kwa mara ya tatu: rimu ya karatasi ipo, jembe lipo, shuka jozi mbili zipo. Kijana amekaa juu ya sanduku lake, kimya, na tangu jana hajala. Ukimuuliza anajibu, "Hamna kitu." Wakubwa nao, kila mmoja ana maelezo yake tayari. Mengi nilianza kuyasikia nikiwa njuka wa kidato cha kwanza, na mengine nimewahi kuyasema mwenyewe kwa kujiamini kabisa.

"Anadeka huyo. Mbona jana alikuwa anacheza mpira?"

Jana shule ilikuwa mbali. Hofu ya shule ina ratiba: hulala likizo nzima, huamka siku ya kununua madaftari, na usiku wa kuamkia safari inakuwa imeshafika tumboni. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, damu ikaelekezwa kwenye misuli na tumbo likaachwa lijitegemee. Utumbo una mtandao wake wa neva uliounganishwa na ubongo, ndiyo maana wengine huharisha na wengine hutapika. Maumivu hayo ni ya kweli, hata kama kipimo hakioni kitu.

Hata hivyo, mpeleke apimwe. Malaria haiulizi kama shule zimefunguliwa. Majibu yakirudi safi, usimgeuzie kibao kwamba alikudanganya. Tazama saa: je, tumbo huanza Jumapili jioni, likapoa saa nne asubuhi basi likiwa limeshaondoka? Kupoa huko ndiko majirani hukuita ushahidi wa uongo. Kwangu mimi ni ushahidi kwamba kinachomtisha kiko shuleni, na kazi iliyobaki ni kukitafuta.

"Hayo ni mapepo. Au bangi."

Wazee wa Kagera wanaikumbuka Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ikiendeshwa na wamisionari, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikaenea hadi kuwapata 95 kati ya wanafunzi 159, na walimu hawakuguswa. Shule ilifungwa Machi 18. Ilipofunguliwa tena Mei 21, hali ikarudi, na mwishoni mwa Juni ikabidi ifungwe kwa mara nyingine. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, wakakosa. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni msongo: mabinti wakiishi chini ya masharti makali, mbali na kwao, wasio na mahali pa kuusemea mzigo wao, mpaka miili ikausema.

Sisemi familia isiombe dua. Iombe. Ila binti anayeanguka kila shule zinapofunguliwa anahitaji pia mtu wa kumuuliza taratibu kuna nini bwenini.

"Sisi tulichapwa, tukalala njaa, na tukasoma."

Huu ndio msemo unaofunga midomo ya watoto kuliko yote, na kwangu ndio mbaya kuliko yote. Kwanza, waliosoma ndio tunaosimulia. Waliokatisha masomo hakuna anayewapa maikrofoni kwenye mahafali.

Pili, msemo huu unachukulia kwamba tunajua anachokiogopa. Mara nyingi hatukijui. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza alishikwa na tumbo kila Jumapili kwa mwezi mzima, nasi tukawa na hakika kwamba ni viranja wanamwonea. Siku moja tukiwa tunamenya viazi, hata hatuangaliani, akasema, "Mjomba, nikisoma kwa sauti wanacheka." Kumbe ni hilo tu. Alikuwa wa tatu darasa la saba, miaka saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla baiolojia, historia na hesabu vyote vikageuka Kiingereza. Mtoto aliyezoea kunyoosha kidole akawa bubu, na bubu huyo akaanza kuitwa mzito. Tanzania nzima ina watoto wa namna hii kila Januari. (Na viazi hivyo vilinifunza kitu: kijana haongei akikaliwa mbele kama yuko kituo cha polisi. Mpe kazi ya mikono, ukae pembeni yake.)

Wakati mwingine anachokiogopa ni fimbo kweli. Basi tujue kanuni za Tanzania Bara zinasemaje: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Jirani zetu Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Mwanao akikuambia kuna anayechapa kumi na mbili mstarini kwa kuchelewa dakika tatu, hiyo si hofu ya kutibiwa kwa mazoezi ya pumzi.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Hofu isiyo na mtu nyuma yake, kama ya Kiingereza, ya mtihani wa kufungulia shule au ya kutokuwa na rafiki, kijana anasaidiwa kuikabili. Hofu yenye mtu nyuma yake, kama anayempiga, anayemnyang'anya au mwalimu anayemtaka kimapenzi, inakabiliwa na mtu mzima. Nenda kwa mkuu wa shule. Ukizungushwa, nenda kwa afisa elimu kata, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

"Basi akae nyumbani kwanza, hofu ikiisha atarudi."

Nakiri hili linatoka kwenye huruma. Tatizo ni kwamba, kama hakuna hatari ya kweli kule, nyumbani ndipo hofu inaponenepa. Siku ya kwanza aliyobaki, kifua kilitulia, na ubongo ukajifunza somo moja: nilikwepa, nikapona, kwa hiyo shule ni hatari. Kesho yake inamwogofya zaidi, na juu yake kuna daftari za kunakili na swali la "ulikuwa wapi?" Ukimburuta kwa nguvu nako, anajifunza kwamba hana wa kumsikiliza.

Kinachofaa ni ngazi fupi fupi. Kwa mpwa wangu tulianza na aya moja, anaisoma jikoni, bibi yake ambaye hajui Kiingereza ndiye msikilizaji. Kisha akaisomea familia nzima. Kisha tukaongea na mwalimu wa somo, akakubali kumwambia siku moja kabla ni aya ipi atasoma. Alitetemeka, akasoma, wawili wakacheka, na hakuna kilichobomoka. Wiki ya tatu alikuwa anasoma bila kuambiwa mapema. Tumbo halikutoweka siku hiyo, ila lilianza kupungua.

Anayekwenda bweni, mwombee kwa matroni au patroni aripoti mapema kabla ya msongamano. Achague kitanda, ajue maji yanachotwa wapi na choo cha usiku kiko upande gani, ajue pia jina la mtu mmoja wa kumkimbilia. Wa kutwa aanze kwa kutembea njia ya shule siku chache kabla. Usingizi nao urudishwe mapema: mwili wa balehe huchelewa kupata usingizi kwa maumbile, na kijana anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi, kwa hiyo likizo ya kulala saa nane usiku haiwezi kurekebishwa kwa usiku mmoja wa Jumapili.

Na pumzi? Husaidia, hasa kwenye foleni ya getini. Avute kwa hesabu ya nne, atoe polepole kwa hesabu ya sita, maana kutoa pumzi kwa muda mrefu hushusha mapigo ya moyo. Ajifunze siku za utulivu. Pumzi inayofundishwa mara ya kwanza mtoto akiwa ameshapaniki haiingii.

"Huyu wa kwanza darasani? Hana hofu huyu."

Huyo mwangalie mara mbili. Aliyezoea namba moja anaogopa namba nne kuliko wewe unavyoogopa mkopo. Wavulana nao tusiwasahau: wengi hofu yao hutoka kama hasira, na tunaiadhibu hasira.

"Usimuulize habari za kujiua, utampa wazo."

Humpi wazo. Kama amesema amechoka kuishi, anagawa vitu vyake au amejitenga na kila mtu, muulize kwa maneno hayohayo, bila kuzunguka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani karibu yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Safari ya shule itasubiri.

"Usimpigie simu, atalia."

Atalia, ndiyo, wiki ya kwanza. Kinachomvuruga zaidi ni simu isiyojulikana itakuja lini, au ile iliyoahidiwa Jumamosi ikaja Jumatano. Kubalianeni siku na saa kupitia simu ya matroni, na ukiahidi Jumamosi saa kumi, iwe saa kumi. Usianze na "umepata ngapi?" Muulize amekula nini na kitanda cha pembeni analala nani. Akikwambia jina, liandike mahali, na Jumamosi inayofuata umuulizie huyo kwa jina.