Rangi katika filamu ya wahamiaji: dhana potofu na ukweli

"Nyumbani rangi ya joto, ugenini bluu."
Kando ya Ruvuma dhana hii haifiki mbali. Kilambo, mpakani upande wa Tanzania, na ng'ambo ya Msumbiji jua ni lilelile, mchanga uleule, na Wamakonde wako pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja njano na wa pili bluu, mtazamaji wa Mtwara atacheka, na ana haki. Kinachobadilika mtu akivuka ni geti, sare, ukuta wa ofisi, taa ya mapokezi. Rangi ya ugeni itoke huko.

Mhusika naye apewe rangi yake, tuseme nyekundu ya kitenge, na mbunifu wa mavazi aizuie isitokee kwa mtu mwingine yeyote. Kabla ya safari ijae kwenye fremu: kitenge, mkeka, udongo wa ukuta. Akishavuka, ibaki ncha ya kilemba tu. Anapoanza kuzoeleka, ionekane kwenye ndoo ya jirani au mlango wa duka, bila mtu kuitaja.

"Rangi hupangwa kwenye kompyuta."
Kompyuta humalizia tu. Piga picha kila eneo saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni, waiti balansi (mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi) ikiwa imefungwa kwenye Kelvini 5600, yaani mwanga wa jua la mchana, kisha zilinganishe na vipande vya vitambaa. Rangi tatu zinatosha: ya mazingira kama asilimia 60 ya fremu, ya pili 30, ya mhusika 10. Si sheria, ni pa kuanzia. Waiti balansi ikiachwa ijiamulie, kamera ikikutana na udongo mwekundu wa Newala huongeza bluu yenyewe, tena katikati ya shoti.

"Ngozi nyeusi inataka taa nyingi."
Inataka mwanga mpana na laini kutoka ubavuni, unaoteleza kwenye shavu na paji. Chini ya mkorosho tatizo ni jingine: majani hutupa ukijani usoni. Ukiuondoa baadaye kwa kusukuma picha nzima, ngozi hugeuka zambarau. Tandaza shuka jeupe mita moja hivi kutoka usoni, upande unaopigwa na jua, ukijani upungue kabla ya kurekodi.

"Nyeupe ni matumaini."
Pwani nyeupe ni kanzu ya Ijumaa, na ni sanda pia. Tukio ndilo linaloamua. Kikwazo kikubwa ni cha kiufundi. Mwishoni mwa Februari na Oktoba jua la saa sita hupita karibu na utosi, na ukuta wa chokaa wa Mikindani huzidiwa na mwanga ukawa doa tupu kwenye picha, lisilorudishika. Pima mwanga kwa ukuta, halafu ongeza mwanga wa uso kwa ubao mweupe.