Anza na 를

Mtu akiniletea gridi, yaani miraba ya kupimia maumbo ya herufi, aliyoichora kwa ajili ya Hangul, mwandiko wa Kikorea, namwomba aniandikie silabi moja tu: 를. Ni kiambishi cha Kikorea kinachofuata neno linaloishia na irabu ili kuonyesha yambwa, kwa hiyo kimejaa kila ukurasa. Hukikwepi.

Hangul inavutia wapenda gridi kwa sababu haipangi herufi mojamoja kama sisi. Silabi moja, mraba mmoja. Neno 한글 (Hangul) lenyewe lina herufi sita ila linakaa kwenye miraba miwili. "Kitabu" kingekuwa miraba mitatu, 키타부. ("Mtu" litakusumbua, maana huko hakuna m ya kusimama peke yake.) Hata karatasi ya kuandikia miswada Korea huchapwa miraba, na ile iliyozoeleka ina 200.

Basi chukua daftari la hesabu. Unene wa mstari uwe kijumba kimoja, na pengo nalo kijumba kimoja. Herufi ㄹ ina mistari mitatu ya kulala, kwa hiyo inakula safu tano. Katika 를 zimo mbili, juu na chini, na ㅡ katikati yao: 5, pengo, 1, pengo, 5. Safu 13. Sasa andika 그 kwenye safu hizohizo. Ina mistari miwili tu ya kulala! Ukiivuta ijaze mraba, inakuwa kama chumba kilichohamwa. Ukiiacha ndogo, inaelea.

Wachora fonti wengi hutatua hili kwa jicho: mistari ya 를 inakonda kidogo, ㄱ ya 가 inapinda mguu kushoto, ya 고 inatanuka na kuwa fupi. Ni kazi ya kuchosha, kwani silabi za kisasa zinazoweza kuundwa ni 11,172, yaani konsonanti za mwanzo 19 × irabu 21 × miisho 28 (pamoja na kukosa mwisho).

Mwaka 1985 mchora fonti wa Korea, Ahn Sang-soo, aliuvunja mraba wenyewe. Katika fonti yake kila herufi inabaki na umbo lake popote ikaapo, na konsonanti ya mwisho inaning'inia chini. Ukitazama mstari mzima, unaona nguo zilizoanikwa kambani: juu zimenyooka, chini kila moja na urefu wake.

Kwa bango la maneno matatu manne, mimi hufuata njia hiyo bila kusita. Kwa aya ndefu narudi kwenye mraba, na siku ya kwanza nzima naitumia kuchora 를.