Kundi la 2 si nusu ya Kundi la 1

Nimeambiwa tena, safari hii na msimamizi wa karakana ya kupaka magari rangi: "Hiyo tina ni Kundi la 2 tu, mama kijacho anaweza kubaki hapo hapo." Hilo "tu" ndilo linalonichosha.

Tina ni kiyeyushi cha rangi, na makundi haya ni ya mfumo wa kimataifa wa kupanga kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na mimba. Namba ya kundi haipimi ukali wa sumu, jamani. Inapima uzito wa ushahidi. Kundi la 1 lina sehemu mbili: 1A, ushahidi umetoka kwa binadamu. 1B, kwa kawaida, kwa wanyama wa maabara. Kundi la 2, mashaka yapo ila ushahidi haujatosha. Kwa hiyo kiyeyushi cha 1B chaweza kuhitaji dozi kubwa mno ili kidhuru mimba, na cha Kundi la 2 kikadhuru kwa dozi ndogo. Ukitaka kujua, fungua sehemu ya 11, ile ya sumu, kwenye karatasi ya usalama ya kemikali hiyo (SDS), kisha uliza mtu anavuta mvuke kiasi gani, kwa saa ngapi, na dirisha liko wapi.

Chukua toluini, kiyeyushi kilichomo kwenye tina nyingi na gundi za viatu. Ulaya imeipa alama ya hatari H361d: Kundi la 2, na hiyo d ni mtoto aliye tumboni. Sasa, kuna wanawake waliokuwa wakiivuta ili walewe hali ni wajawazito, na baadhi ya watoto wao wakazaliwa na vichwa vidogo na sura kama za watoto walioathiriwa na pombe. Hao si panya! Lakini dozi zilikuwa kubwa ajabu, na mara nyingine pombe yenyewe ilikuwemo. Hapo ndipo ushahidi unapochafuka.

Viwango navyo? Marekani, sheria ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini, inaruhusu wastani wa 200 ppm (sehemu 200 za mvuke katika sehemu milioni za hewa) kwa zamu ya saa 8. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha huko huko, inapendekeza 20, na kuharibika kwa mimba ni mojawapo ya sababu zake. Mimi hushika 20, ila anayekuapia kwamba 15 ni salama kwa mimba changa, mtilie shaka.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Tusibishane.

Viungo vya mtoto huumbika zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutungwa, wengi wakiwa hawajajijua. Kwa hiyo feni ya kutoa hewa nje iwekwe kwa ajili ya wote, makopo yafunikwe, na mjamzito ahamishiwe kazi isiyo na mvuke kwa mshahara ule ule. Ukimkata mshahara, mwenzake ataficha mimba mpaka tumbo limuumbue.