Joto Lililokosekana Kwenye Nyota ya Boyajian

Nyota KIC 8462852, iitwayo pia Nyota ya Boyajian, iko katika kundinyota la Cygnus, takriban miaka ya nuru 1,470 kutoka kwetu, na haionekani kwa macho matupu. Darubini ya anga ya Kepler iliifuatilia kwa miaka minne. Mwaka 2011 mwanga wake ulishuka ghafla kwa asilimia 15 hivi, na mwaka 2013 ukashuka kwa asilimia 22 hivi. Sayari kubwa kama Mshtarii ingeziba kama asilimia 1 tu! Waliolibaini jambo hili ni watu wa kawaida waliojitolea kupekua data za Kepler, na mwanaastronomia Tabetha Boyajian akaandika kulihusu mwaka 2015. Punde uvumi ukaenea kwamba viumbe wenye akili wameizungushia nyota hiyo mitambo mikubwa.

Naielewa hamu ya kuamini hivyo. Lakini dhana hiyo inapimika, na kipimo chake ni joto.

Chuma kilichotoka motoni, hata kikiacha kuwa chekundu, ukikisogelea bado uso wako unahisi joto. Hiyo ndiyo infraredi, nuru isiyoonekana. Vivyo hivyo, chochote kilicho karibu na nyota, kiwe vumbi, mwamba au mtambo, hupata joto na kulitoa tena kwa infraredi. Kwa hiyo nyota iliyozungukwa na vitu hivyo hutoa infraredi nyingi kuliko inavyostahili.

Massimo Marengo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na wenzake walichunguza vipimo vya mwaka 2015 vya Spitzer, darubini ya anga iliyopima infraredi, baada ya mififio ile. Hawakukuta ziada ya maana. Kwangu mimi, kukosekana huko ndiko kulikosema mengi: sayari au asteroidi zingegongana karibu na nyota, vumbi lake lingewaka kwa infraredi. Wakaona kundi la kometi (nyota zenye mkia) linafaa zaidi, kwani hupita mbele ya nyota kisha likatokomea mbali kwenye baridi.

Baadaye Spitzer, pamoja na Swift, darubini ya anga inayopima urujuanimno (nuru nyingine isiyoonekana), zilipima nyota hiyo ikififia polepole. Urujuanimno ulipungua zaidi kuliko infraredi. Kitu kigumu huziba rangi zote sawasawa. Ni chembe ndogo tu zinazobagua. Basi mitambo ikatoka kwenye hesabu, likabaki vumbi.

Mififio ya ghafla ya mwaka 2017 nayo ilionyesha chembe ndogo zaidi, chini ya mikrometa moja (sehemu ya elfu moja ya milimita). Chembe za namna hiyo husukumwa mbali na mwanga wa nyota yenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kuna kitu pale ambacho bado kinazitengeneza.