Aota ikichanika: yale tunaambiana Kisumu na vile mambo iko

"Hiyo ni alsa tu, mpe maziwa alale." Hii ndio inaniuma kuliko zote. Aota ni ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwa moyo, unapinda hapo juu kifuani halafu unashuka hadi tumboni, na ukuta wake uko na tabaka tatu. Ile ya ndani ikichanika damu inajipenyeza katikati ya tabaka, vile mkono unaingia kwa bitana ya koti iliyofumuka badala ya kutokea mbele. Maumivu yake hayaji polepole, yanapiga ghafla na makali tangu dakika ya kwanza, kifuani ama mgongoni katikati ya mabega. Mtu akishikwa hivo hapo Kondele usipoteze wakati kwa kemisti, mpeleke Russia (ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga) ama hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, na uombe presha ipimwe mikono yote miwili kwa sababu tofauti kubwa ni dalili. Eksirei ya kifua inaweza kuonekana sawa kabisa, kinachothibitisha ni siti skani ya mishipa. Na dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, zile za mshtuko wa moyo, zinaweza kumuua huyu mgonjwa, kwa hivyo msikubali watu wabahatishe.

"Lazima kifua kifunguliwe." Wengine nao wanasema siku hizi ni waya tu, hakuna kisu. Wote wamekosea, inategemea imechanika wapi. Ikiwa ni karibu na moyo, aina A, ni operesheni ya kufungua kifua na ni haraka sana, kila saa inayopita hatari ya kifo inapanda. Ikiwa ni ile sehemu inayoshuka, aina B, wanaanza na dawa za kushusha presha na mapigo ya moyo, na wengine wanabaki na dawa tu. Lakini damu ikikosa kufika figo, matumbo ama miguu, au mshipa ukianza kupasuka, hapo ndio stenti inaingia, yaani mrija wa wavu wa waya unaowekwa ndani ya mshipa. Daktari anatoboa kinenani, anapitisha waya akiangalia kwa skrini, anapandisha stenti ikiwa imebanwa ndani ya mrija hadi pale pamechanika, akiiachilia inafunguka na kuziba ule mdomo, damu inarudi njia yake.

"Hiyo stenti si ni ile ya moyo?" Hapana. Ya moyo ni milimita chache, hii ina upana wa kama sentimita 2 hadi 4 na imevishwa kitambaa. Wala si majaribio, Stanford kule Marekani walianza kuziweka kwa aota ya kifua 1992. Hatari zipo, wachache hupata stroki ama miguu kupooza, muulize daktari kabla ya kusaini.

"Nimewekewa, nimepona, presha nimeachana nayo." Tafadhali. Presha ndio chanzo kwa wengi na stenti haiigusi, dawa ni za maisha. Skani pia zinarudiwa, kwa kawaida baada ya mwezi 1, tena ndani ya mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka, kwa sababu stenti inaweza kuvuja au aota ikazidi kupanuka bila wewe kusikia chochote. Zile CD za skani usitupe, daktari anazilinganisha.

Na si ugonjwa wa wazee pekee, kuna familia ziko nayo kwa damu, kama za Marfan (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili), kwa hivyo ndugu na watoto wa mgonjwa waulize kama wanafaa kupimwa.