Je wajua klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili? Sasa mbona haitelezi siku zote?

Fungua kava ya kulia ya injini ya CG125, ile ya Honda iliyotoka 1976 ambayo Wachina wameikopi mpaka imejaa kwenye bodaboda zetu, utakuta klachi imelowa oili chapachapa. Ukifikiria inashangaza, manake breki ikipata oili kidogo tu umekwisha, na klachi nayo kazi yake ni ileile ya kung'ang'ania.

Iko hivi, klachi sio pleti moja, ni rundo. Pleti zenye vipande vya kahawia vilivyochanjwa mifereji zinapokezana na pleti za chuma tupu, afu springi zinazikandamiza zote kwa pamoja. Zikibanwa, oili inakimbilia kwenye mifereji, pleti zinashikana, oili yenyewe inabaki na kazi ya kupooza joto.

Kwaiyo uko gia ya nne mlimani, unapiga resi injini inalia ila mwendo uleule, usikimbilie dukani kununua pleti. Anza na waya wa klachi. Wengi wakiona inateleza wanakaza waya, na hapo ndo wanaimaliza kabisa, manake waya ukikaza ni kama kuna mtu kakushikia levo kidogo muda wote, springi hazipati nafasi ya kubana. Na kituko ni kwamba pleti zikiendelea kulika waya unajikaza wenyewe, wala hujaugusa. Legeza mpaka levo icheze milimita 2 au 3 pale kwenye shina lake kabla ya kuanza kuvuta.

Inayofuata ni oili. Oili ya gari, hasa zile nyepesi za kubana matumizi ya mafuta, mara nyingi imewekwa dawa ya kupunguza msuguano, safi kwa gari, sumu kwa klachi yako. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya kulowa. Kama ulishaweka mbaya mwaga, weka sahihi, tembea siku kadhaa, badilisha tena, kuna zinazopona hapohapo bila kufunguliwa.

Bado? Haya mwaga oili, fungua kava kwa spana namba 8, afu bolti za springi kwa namba 10, ukilegeza kimshazari kidogokidogo. Katikati utakuta klipu, au nati ya mapengo yenye soketi yake maalum (tafadhali usiigonge kwa patasi na nyundo, nimeona shafti zimekufa hivyo). Pleti za vipande vya kahawia zikiwa mpya huwa na unene wa kama milimita 3, zikifika 2.6 hazina maisha. Za chuma zilaze juu ya kioo, zikicheza zimepinda, zikiwa za bluu zimeungua, na mara nyingi ni sababu ya kupenda kushikilia balansi (levo nusu, gia ikiwa ndani) kwenye foleni. Springi pima urefu na mpya, zikiwa fupi badilisha zote. Ule ujanja wa kuweka washa chini ya springi mi siupendi, levo inakuwa ngumu mpaka vidole vinakufa ganzi na pleti bado ni zilezile mbovu.

Pleti mpya usizifunge kavu, ziloweke kwenye oili usiku kucha, manake kavu zinaungua dakika za mwanzo tu. Kwangua gasketi ya zamani, weka mpya, rudisha oili, afu upime tena ule mchezo wa levo, manake pleti mpya ni nene na waya lazima utakuwa umebadilika.