Kabla hujaihukumu tabo ya lori, kagua valvu ya kupumulia

Lori likianza kuvujisha oili kwenye sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), na paipu inayotoka kwenye tabo (feni inayoendeshwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini) ikalowa oili, wengi huagiza tabo mpya au kushusha injini papo hapo. Mimi nawasihi waanze na valvu ya kupumulia. Kwenye injini nyingi iko juu ya kava ya tapeti, chini ya kifuniko cha plastiki chenye kiwambo cha mpira na springi ndani yake.

Hata ringi za pistoni zikiwa mpya, gesi kidogo ya mwako hupenya kando ya pistoni na kushuka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), ikiwa na mvuke wa maji na mafuta yasiyoungua. Lazima itoke. Malori ya zamani yaliimwaga nje kupitia brida (tundu la kupumulia) ya wazi. Mengi ya sasa huirudisha kwenye hewa inayoingia injini, na valvu ndiyo inayozuia mvuto wa hewa hiyo usizidi ndani ya sampu.

Valvu ikiziba, presha hupanda ndani. Oili ya tabo hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, kwa hiyo ikikuta presha chini inakwama, inajaa na kupenya kwenye sili. Tabo inaonekana mbovu kumbe nzima. Kijiti cha oili nacho husukumwa juu, na gasketi zinaanza kulowa.

Kiwambo kikipasuka, mambo hugeuka: badala ya presha, mvuto ndio unaozidi. Unasikia mluzi, injini inatetemeka ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), kifuniko cha kujazia oili kinang'ang'ania ukikifungua, na oili inapungua bila tone kuonekana chini. Chomoa kijiti cha oili kidogo. Mluzi ukikata, fungua valvu ukakiangalie kiwambo.

Hapa naomba madereva wanisikilize. Injini ya dizeli ikivuta oili nyingi kwenye hewa huiunguza kama mafuta, na inaweza kupandisha kasi yenyewe. Kuzima swichi hakutasaidia, maana moto ule haulishwi na pampu. Huzimwa kwa kukatiwa hewa, kamwe si kwa mkono. Lori lenye dalili hizi lisiendelee na safari.

Kwa kipimo, macho hayatoshi. Natumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nimeukunja kwa umbo la U na kuujaza maji hadi nusu. Ncha moja naiunga kwenye tundu la kijiti cha oili, nyingine naiacha wazi. Injini ikishapata moto, naangalia maji: yakisukumwa kuelekea ncha ya wazi ni presha, yakivutwa kuelekea injini ni mvuto. Tofauti ya kimo ya sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1. Kiwango halali kiko kwenye kitabu cha injini husika, na hutofautiana sana, kwa hiyo usikopeshe injini moja namba za nyingine.

Presha ikizidi, natenganisha mpira wa valvu, naacha injini ipumue wazi, napima tena. Ikishuka hadi kawaida, kosa liko kwenye valvu, chujio lake au mipira. Ikibaki juu, bado usikimbilie ringi. Lori la breki za upepo lina kompresa (pampu ya upepo), na kompresa iliyochoka husukuma upepo kwenye sampu. Soma kipimo kompresa ikijaza mitungi, kisha soma tena gavana (valvu inayoipumzisha kompresa mitungi ikijaa) ikishakata; presha ikiporomoka hapo, umeipata.

Kiwambo kilichopasuka hakigundishwi, kinabadilishwa. Usikisafishe kwa petroli, huvimbisha mpira. Kagua pia kijipaipu kinachorudisha oili kwenye sampu. Kikiziba kwa utope, valvu mpya itamwaga oili vilevile. Mipira iliyolegea mpaka inajikunja yenyewe ikivutwa, itupe. Skrubu za kifuniko kaza kwa zamu, za pembe zinazotazamana, kwa nguvu iliyoandikwa, kwani plastiki iliyozoea joto hupasuka kirahisi.

Kisha mwaga oili iliyotuama kwenye intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) na paipu zake kabla ya kuwasha, la sivyo itavutwa yote mara moja ukikanyaga mafuta. Rudisha mpira wako wa maji, pima injini ikiwa sailensa na ikiwa na kasi, na uandike namba zote mbili kwenye kumbukumbu za lori.